Tembe Kumi za Fundi Rangi

Mimi hakuna kitu kinachoweza kunishangaza. Nimeuza kuku kwenye mabasi ya Dar es Salaam kabla sijaota ndevu, nikikimbia pembeni ya madirisha na jogoo wawili kila mkono, na nimeona abiria akipokea kuku, gari likaondoka, na hela ikabaki mfukoni mwake. Nimeuza vitunguu, nimeuza ngozi, nimeuza alizeti wakati watu wanaicheka. Shule niliiacha darasa la nne, na leo waliomaliza vyuo wanakuja kuniomba kazi. Nina mashine ya kukamua mafuta, nina nyumba ya wageni ya vyumba kumi na vinne hapa Utemini, Singida, na vyote nimevisimamisha bila mkopo wa mtu. Binadamu nimemwona mbele na nimemwona nyuma. Hata huyu ninayetaka kumweleza, sisemi alinishangaza. Nasema tu kwamba nimekaa nikimfikiria kuliko mtu mwingine yeyote niliyefanya naye biashara, na bado sijammaliza.

Mtaani tulimwita Fundi Rangi. Jina hilo kwetu ni la mtu anayepaka kuta, na yeye kuta hakuwahi kupaka. Alikuwa mchoraji. Lakini ukimwita Mchoraji hageuki, ukimwita Fundi Rangi anageuka. Niliwahi kumwuliza kwa nini. Akasema, "Mchoraji lazima aeleweke. Fundi analipwa tu akimaliza."

Kibanda chake cha mabati kilikuwa kando ya barabara, hatua kama mia moja kutoka kwangu. Nje kulikuwa na mabango ya watu: saluni, bucha, kinyozi, duka la dawa za mifugo. Ndani kulikuwa na picha zake. Alichora kwenye kitambaa cha marekani alichokikandika gundi na rangi nyeupe, akakipigilia kwenye mbao. Udongo alikwenda kuuchota mwenyewe, wa kichuguu na ule mweupe wa kandokando ya ziwa, akausaga na kuuchanganya na rangi ya mafuta. Kila rangi aliijaribu kwanza kwenye ukucha wa dole gumba la kushoto. Ukitaka kujua anachora nini wiki hiyo, unaangalia dole gumba.

Alikuwa mkali kwa heshima, lakini kwa namna yake. Watoto wakipita walimwamkia, "Shikamoo Fundi," na yeye hakuitikia mpaka brashi itoke kwenye kitambaa. Kama mstari ni mrefu, mtoto anasubiri. Niliwaona watoto wa shule wamesimama pale na mabegi mgongoni, kimya, wanangoja marahaba yao. Mimi mwenyewe, na ukubwa wangu wote, nimengoja.

"Shikamoo, Fundi."

Kimya. Brashi inateremka.

"Fundi, nimekuamkia."

"Nimekusikia, Tajiri. Marahaba itakuja. Haijapotea."

Aliniita Tajiri tangu siku nilipokuwa na baiskeli moja. Wengine walipoanza kuniita hivyo kwa kunipaka mafuta, yeye alikuwa anaendelea tu na utani wake wa zamani.

Nikueleze kuhusu mabango, kwa sababu hapo ndipo watu walipokosea kumsoma. Kwenye bango alichora chochote unachotaka. Bucha alikuchorea ng'ombe anacheka, anashika mwenyewe kisu na uma. Kinyozi alimchorea kijana mwenye kichwa kama yai. Hakuona haya hata kidogo. Alisema bango ni la mwenye duka, na mwenye duka akitaka kuchekwa ni haki yake. Nilipofungua nyumba ya wageni nilimwandikia maneno kwenye kipande cha karatasi, akayachora kama yalivyo, herufi nyekundu zenye kivuli cheusi, nzuri kabisa: NYUMBA YA WEGENI. Ikakaa miezi miwili juu ya mlango. Mwalimu mmoja aliyelala kwangu ndiye aliyenivuta pembeni. Nikatoka mbio mpaka kibandani.

"Fundi, umenidhalilisha!"

"Mimi? Karatasi yako hii hapa nimeitunza."

"Si ungenirekebisha?"

"Nilidhani ni jina. Watu siku hizi wanaita biashara zao majina ya ajabu."

Sijajua mpaka leo kama alidhani kweli. Lakini nikwambie, miezi ile miwili vyumba vilijaa. Watu walikuja kucheka, usiku ukawakuta, wakalala. Hata kosa langu linaingiza hela.

Kwenye picha zake sasa, ndipo alipokuwa mtu mwingine. Hapo huwezi kumwambia ongeza hiki, toa kile. Alichora vitu vya huku kwetu: mawe, upepo ukiinamisha alizeti, jungu lililopasuka, na tembe. Hasa tembe. Nyumba zile za udongo za paa tambarare ambazo sisi tuliozaliwa huku tulizaliwa humo, na ambazo wote tulizikimbia mara tulipopata hela ya bati. Alizichora tupu. Hakuna mtu. Mlango umeachwa wazi, giza la ndani, nguzo ya mlango imeng'aa mahali mikono iliposhika miaka na miaka. Ziwa hakulichora, ingawa kila asubuhi alitembea mpaka Kindai kulitazama. Nilipomwuliza alisema, "Pale naenda kupumzisha macho. Wewe ukienda kupumzika unabeba mashine yako ya mafuta?"

Mashine za kuchapa mabango zilipoingia mjini, kazi yake ya tumbo ikafa. Mtu anachapisha bango kubwa kwa siku moja, lina picha yake amevaa suti. Kibanda cha Fundi kikawa kimya. Alikuwa mtu mzima, mjane, binti yake ameolewa Kintinku. Mchana akawa anakunywa uji wa asubuhi uliobaki. Nikaona, hapana. Nikamwendea.

"Fundi, mimi nitakuuzia picha zako. Wageni wanalala kwangu kutoka kila mahali. Natundika mapokezi, nauza, nakata robo yangu, tunaishi."

"Nani atanunua tembe?"

"Hakuna atakayenunua tembe. Ndiyo maana nimekuja tuzungumze. Kuna vitu vitatu vinauzika nchi hii: mnyama, mlima, na Mmasai amesimama mguu mmoja jua linazama. Nichoree tembo."

"Wewe umewahi kumwona tembo hapa Singida mjini?"

"Mteja hanunui alichokiona, Fundi. Ananunua anachokitaka."

"Basi nitamchora tembo siku atakapokuja kunywa maji Kindai."

Ndivyo tulivyoanza, na ndivyo tulivyogombana kwa miaka. Mimi nilikuwa nasema soko, yeye anasema jicho. Mama mmoja, mke wa ofisa, alitaka picha lakini ifanane na kochi lake la kijani. Fundi akamsikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, kisha akasema, "Mama, lete kochi nilichore." Mama akaondoka amenuna. Nikamwambia Fundi, umemfukuza mtu mwenye laki. Akasema hajamfukuza, amempa nafuu, maana kochi likichakaa angebaki na picha ya kochi.

Mara moja tu alikubali. Nilimwomba wiki nzima twiga mmoja, mmoja tu, nilipe umeme. Akanichorea twiga anatoka kwenye picha. Yaani unachoona ni matako, mkia na miguu ya nyuma, na mbele ya hapo ukingo wa fremu. Nikamwambia, "Hii ni dharau." Nikaitundika kwa hasira. Iliuzwa siku ileile, kwa mgeni aliyecheka mpaka akakaa chini. Nilipompelekea Fundi hela yake aliuliza, "Kwa ngapi?" Nikamwambia. Akauliza tena, "Kwa ngapi?" Mara tatu aliniuliza. Kisha akanuna siku mbili. Hivyo ndivyo alivyokuwa: bei ilimtekenya kama mtu yeyote, na kutekenywa kule kulimuudhi.

Na usidhani alikuwa mtu asiyejua hela. Aliniwekea hesabu ya robo yangu vizuri kuliko mimi. Mtu akiomba apunguziwe bei kabla hajaitazama picha, Fundi anaipandisha. Mtu akikaa nayo muda mrefu, anaishusha bila kuombwa. Mama muuza vitunguu aliyesimama mbele ya lile jungu lililopasuka aliondoka nalo kwa bei ya chai. "Fundi," nikamwambia, "yule angeweza kulipa." Akasema, "Ameshalipa. Hukumwona uso?" Mimi uso nimeuona maisha yangu yote, na hakuna duka linalopokea uso.

Sasa sikiliza habari ya tembe kumi.

Alikuja kwangu bwana mmoja wa Arusha, kijana mwenye gari zuri, anajenga hoteli. Alilala usiku mmoja. Asubuhi akasimama mapokezi mbele ya picha ya tembe, akauliza, "Hii ni nyumba gani hii?" Nikamweleza tembe ni nini. Akatikisa kichwa. Akachukua namba yangu. Wiki mbili baadaye akanitumia ujumbe: Mzee nahitaji picha za tembo 10, ukubwa wa mlango, kila moja laki 2, nakuja kuchukua baada ya miezi minne.

Ndivyo ulivyoandikwa. Ndivyo nilivyokuja kuusoma baadaye, herufi moja moja na kidole. Siku ile niliusoma kama ninavyosoma kila kitu, kwa kuuruka, maana miwani sivai na mtu wa kunisomea sijawahi kumtafuta. Na kijana si alikuwa amesimama mbele ya tembe? Si nilimtajia neno hilo mwenyewe? Nikaona tembe. Wala malipo ya mbele sikuomba. Nilitaka yule wa Arusha ajue kwamba huku nako kuna watu wenye uwezo wao.

Nilikwenda kibandani mbio kama siku ya WEGENI.

"Fundi! Tembe kumi!"

Brashi ikasimama katikati ya mstari. Sijawahi kuiona ikisimama katikati.

"Tembe kumi zimefanya nini?"

"Zimeagizwa. Hoteli, Arusha. Ukubwa wa mlango."

"Mtu ameziomba? Kwa kinywa chake?"

"Kwa maandishi."

Alikaa kwenye kopo la rangi. Akatazama dole gumba lake. Akasema taratibu, kama anajisemea, "Kumbe yuko."

Sikumwuliza nani. Nilijua. Mteja. Yule mtu ambaye miaka yote nilimwambia hayupo.

Miezi minne ile hakugusa bango. Alitembea mpaka Ikungi, alifika mpaka Kilimatinde kwa wazee wanaokumbuka nyumba zile zilivyofungwa nguzo. Alikuja hata kuniuliza mimi.

"Tembe yenu, ndama walilala upande gani?"

"Kushoto ukiingia."

"Na mama yako alitundika wapi kibuyu?"

Nikashindwa kukumbuka, nikaona aibu, nikamwambia kwamba sikumbuki mambo ya umaskini. Akaniangalia. Kwenye picha ya tatu akachora mlango, na ndani kidogo, kwenye giza la kulia, kibuyu kinaning'inia. Nilipokiona nikakumbuka kwamba ndipo kilipokuwa.

Kijana wa Arusha akaja na gari la kubebea mizigo. Nilikuwa nimezipanga picha zote kumi kwenye korido, zimeegemea ukuta, wageni wanapita upande upande. Akatembea mwanzo hadi mwisho. Akachungulia chumba cha mwisho. Akarudi.

"Mzee, tembo wako wapi?"

"Tembo gani?"

Akatoa simu. Akanionyesha. Ndipo nikasoma na kidole. Te. Mbo. Ile O ilikuwa pale, duara kama mdomo wa chungu, imekaa miezi minne inanitazama.

"Mwanangu," nikasema, "hizi ni bora kuliko tembo."

"Mzee wangu, shikamoo zako zote, lakini mgeni hajatoka Ulaya kuja kuangalia banda la udongo lisilo na mtu." Hakuwa mbaya. Alicheka, akanipa pole, akanunua kuku wawili wa kienyeji, akaondoka na gari tupu.

Mimi na dada wa usafi tukazihamishia picha chumba cha kumi na nne, kile ambacho dirisha lake linatazama choo na ambacho sikipangishi. Tulikuwa ndiyo kwanza tumefunga mlango, Fundi akaingia. Amevaa koti. Sikujua kama ana koti. Amenyoa ndevu, na dole gumba amelisugua mpaka limekuwa jeupe. Alikuwa amekuja kuonana na mteja.

Akaangalia korido tupu.

"Ameshaondoka?"

"Ameshaondoka, Fundi."

"Nimechelewa kwa sababu ya vifungo vya koti. Amesemaje?"

Ningeweza kusema. Maneno yalikuwa mawili tu: nilikosea kusoma. Lakini nikamwangalia na lile koti, nikajiangalia na mimi, mtu mzima mwenye nyumba ya vyumba kumi na vinne, niliyeshindwa na O. Nikasema, "Amesema hajawahi kuona kitu kama hiki."

Na huo haukuwa uongo.

Nikaingia ndani, nikafungua sanduku, nikamletea milioni moja na nusu, yaani milioni mbili kutoa robo yangu. Robo ile niliikata ili asishtuke. Hakuhesabu. Akasema, "Hajawahi kuona," akatoka akitembea katikati ya barabara.

Tangu hapo Fundi Rangi akawa mtu mwingine. Kwenye kilabu cha chai akianza kuongea watu wanavuta viti. "Tembe zangu ziko Arusha." Mwenye bucha alimletea kazi ya bango, Fundi akamwambia kwa upole kwamba hana nafasi. Alichora tembe nyingine na nyingine, nikizitundika mapokezi haziuzwi, naye hakujali tena, maana yule mteja yuko. Kila tulipoonana alikuwa na swali.

"Tajiri, hujasikia wageni wa kule wanasemaje wakiziona?"

Ikabidi niseme kitu. Nikamwambia kuna mzungu alikaa nusu saa mbele ya moja. Nikamwambia kuna mama aliuliza aliyetoka kwenye mlango ule ameenda wapi, mbona hakufunga. Nikamwambia kuna mtu mzima, mfanyabiashara, alisema akiitazama ile ya tatu anasikia harufu ya moshi na maziwa yaliyoganda, na kwamba hajui kwa nini aliondoka.

Fundi alisikiliza kwa kichwa kilichoinama, hasa hilo la mwisho. "Huyo mfanyabiashara," akasema, "huyo ananijua."

Nikwambie ukweli. Kile chumba cha kumi na nne nilikuwa nimepiga misumari na kuzitundika zote, tano huku na tano huku, na katikati nikaweka kiti. Mke wangu alikwishahamia kwa watoto Dodoma, akisema nyumba ya wageni si nyumba. Ana haki. Unakaa na watu kumi na watatu, asubuhi wote wanasema asante na kuondoka, na kesho yake wanakuja wengine kumi na watatu. Watoto wanapiga simu wakiwa na shida, na shida zao nazimaliza haraka, kwa hiyo simu ni fupi. Jumapili mchana, wageni wamekwisha, mashine imezimwa, nilikuwa naingia mle ndani, nafunga mlango, nakaa. Niliyomwambia Fundi yote niliyasikia pale. Hayakuwa ya mzungu.

Miaka minne ilipita hivyo. Mwaka huu, kiangazi, upepo umeanza kupeperusha vumbi, akaja mchana na begi dogo. Amevaa lile koti. Mkono wake wa kulia ulikuwa unatetemeka, akawa anaushika kwa wa kushoto kama mtu aliyeshika kuku.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba." Ilitoka papo hapo. Hakukuwa na brashi ya kuisubirisha. "Tajiri, nimekuja kuaga, na kuomba kitu. Binti yangu ananiita Kintinku. Mkono huu umeanza kuchora peke yake, haunisikilizi tena. Nakwenda."

"Na unachoomba?"

"Niandikie jina la ile hoteli. Kesho napanda basi nikazione, halafu nigeuze niende kwa binti. Nauli ninayo."

"Arusha kuna baridi, Fundi."

"Nina koti."

"Safari ni ndefu. Subiri mwezi ujao nikupeleke mwenyewe."

"Mwezi ujao sijui mkono huu utakuwa umehamia wapi."

"Nimesikia wamefunga. Wanafanya ukarabati."

"Nitachungulia dirishani." Akacheka. "Tajiri, niandikie tu. Hata ukikosea herufi nitafika."

Nilikuwa na kalamu mkononi. Niliona nikiandika jina la uongo huyu mzee atalibeba mpaka Arusha, atazunguka mjini akiwaonyesha watu karatasi yangu. Nikaiweka kalamu chini. Nikachukua ufunguo.

Nikamfungulia chumba cha kumi na nne. Alisimama mlangoni, akainama kidogo kama unavyoinama kuingia kwenye tembe, ingawa mlango wangu ni mrefu. Akazipitia moja moja, akigusa ukingo kwa dole gumba. Alipomaliza ya kumi akakaa kwenye kiti changu.

"Hizi za upande wa dirisha zimepauka," akasema. Kisha, "Kwa hiyo hakuja."

"Alikuja. Aliandika tembo, Fundi. Mimi nikasoma tembe."

Akanitazama. "Tembo?"

"Tembo."

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakohoa, machozi yakamtoka, mkono unacheza hewani. "Tembo! Miaka yote umeniudhi na tembo, tembo, tembo, na siku amekuja mwenyewe umempita!" Nami nikacheka. Nilidhani tumevuka.

Kisha akaacha kucheka, mimi nikabaki nacheka peke yangu.

"Na yule mzungu wa nusu saa?"

"Hakuna mzungu."

"Mama wa mlango?"

"Ni mimi."

"Na mfanyabiashara?"

"Ni mimi, Fundi. Yote yalikuwa yangu. Sikutunga."

"Ungesema ni yako."

Nikaanza kuinyoosha ile ya tatu ukutani, na ilikuwa imenyooka.

"Miaka minne," akasema, "nimewaambia watu. Nimemkatalia mwenye bucha, mtu aliyenilisha, kwa sababu mimi ni wa Arusha." Akainuka. "Niuzie."

"Zichukue. Ni zako."

"Bure sitaki. Bure ndiyo hiyo umenipa miaka minne, na tazama. Taja bei."

Nikafikiri kama mfanyabiashara. Nikataja bei ya kumshinda, ili zibaki. "Laki mbili kila moja. Kama alivyosema mteja."

"Bidhaa imekaa miaka minne dukani, haijapata mnunuzi, na bei haijashuka? Tajiri, aliyenifundisha biashara ni nani?" Akaingiza mkono kwenye koti, akatoa noti zilizokunjwa kwenye mfuko wa nailoni. "Nina elfu themanini na tano. Ni nauli ya kwenda na kurudi, na chakula. Sasa haina safari."

Nilipokea. Alikuwa amenyoosha mkono, na mkono unatetemeka, na singeweza kuuacha uendelee kutetemeka pale.

"Niachie moja," nikasema. "Ya tatu. Nitakulipa laki mbili sasa hivi."

"Kwa sababu unaipenda, au kwa sababu umenionea huruma?"

"Naipenda, Fundi. Wallahi naipenda."

Alinitazama muda mrefu, kama anavyoitazama rangi kwenye ukucha.

"Inawezekana," akasema. "Lakini leo siwezi kujua. Mwaka ule ningejua."

Akaomba koleo. Akang'oa misumari midogo moja moja, mimi nikimshikia mbao, maana mkono haukumruhusu. Akavitandika vitambaa kimoja juu ya kingine, rangi ikitazama nje ili isipasuke, akavikunja vyote kumi pamoja kama mkeka, akafunga kwa kamba mbili. Lori la mkwewe lilikuwa linashuka Kintinku alasiri ile, limesimama kwa wauza nafaka. Nilitaka kumbebea. Akasema si mzito. Alitoka na mzigo begani, akapita mbele ya kilabu cha chai bila kusimama, na waliomwita hakuwageukia.

Kintinku sijaenda. Siyo mbali. Fremu kumi bado zimetundikwa chumba cha kumi na nne, na ndani yake kuna ukuta wangu tu, uliopakwa chokaa. Jumapili naingia, sikai. Mimi ni mtu wa biashara, na biashara hii naifunga kama ninavyofunga nyingine zote: nilinunua kwa milioni moja na nusu, nikauza kwa elfu themanini na tano, na imenigharimu shilingi milioni moja, laki nne na elfu kumi na tano.